Mkulima akilala haamki: kuyafumbua mashamba ya Carcassonne

Vigae vya mchezo wa mezani wa Carcassonne vikishaisha, ubishi huanzia mahali pamoja: mashambani. Barabara zimehesabiwa, miji imehesabiwa, watawa wamepata chao, na hakuna aliyepandisha sauti. Kisha mtu anagusa kete yake, kile kipande chenye umbo la mtu, iliyolala tangu zamu ya tatu na kusema hapa ana miji mitano. Jirani yake anajibu kwamba ni miwili, tena shamba lenyewe si lake. Wote wawili wanaonyesha kwa kidole, na vidole vinapita njia tofauti.

Hakuna anayedanganya. Shamba ndilo kitu pekee katika mchezo huu ambacho hakikuchorwa kama kitu. Barabara ina mwanzo na mwisho, mji una ukuta, monasteri imekaa katikati ya kigae chake. Shamba ni kijani kilichobaki baada ya vyote hivyo kuchorwa, na umbo lake hubadilika kila kigae kipya kinapowekwa. Anayesoma kijitabu cha Kifaransa hapa Goma hukutana na tatizo la pili: kinasema "pré", yaani malisho, halafu anayekaa humo kinamwita "paysan", mkulima. Mtu anaanza kutafuta ng'ombe. Hapa tutasema shamba na mkulima, tusichanganye.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa haraka. Aliyeubuni ni Mjerumani Klaus-Jürgen Wrede. Ulitolewa mwaka 2000 na kampuni ya Hans im Glück, na mwaka 2001 ukapata tuzo ya Spiel des Jahres, ambayo huko Ujerumani ndiyo kubwa kwa michezo ya mezani. Jina ni la mji wa kusini mwa Ufaransa wenye kuta mbili na minara 52, mji ambao ukiutazama kwa mbali unafanana kabisa na vigae vyenyewe. Wanaocheza ni watu 2 hadi 5. Hakuna ubao uliochorwa tayari kama wa dama. Nchi nzima hujengwa mezani, kigae kimoja baada ya kingine.

Sanduku la msingi lina vigae 72 vya mraba, kila upande sentimita 4.5. Lina kete 40 zenye umbo la mtu, 8 kwa kila rangi, rangi zikiwa 5. Lina pia ubao wa pointi wenye nafasi kutoka 0 hadi 49; anayeuzunguka mara moja anailaza kete yake ya ubaoni kuonyesha kwamba ana 50 tayari. Matoleo ya karibuni yanaongeza vigae vya mto na kete ya abate. Viweke kando mpaka mashamba yaeleweke.

Kete moja kati ya zile nane huenda ubaoni kuhesabu pointi. Zinabaki 7, na hizo saba ndizo mtaji wako wote. Mgeni wa mchezo huu hutazama vigae; mzoefu hutazama kete zilizobaki mkononi, zake na za wenzake.

Zamu ina hatua tatu na mpangilio wake haubadiliki. Unachota kigae kimoja na kukiweka kikigusana na kilichopo mezani, ubavu kwa ubavu, na kila ubavu ulingane na jirani yake: barabara kwa barabara, ukuta kwa ukuta, kijani kwa kijani. Kisha, ukipenda, unaweka kete moja juu ya kigae hicho hicho ulichokiweka sasa hivi, si kingine. Kisha ndipo kinachokamilika kinahesabiwa na kete zake zinarudi kwa wenyewe. Kigae kisichoingia popote kinaondolewa mchezoni na unachota kingine.

Mpangilio huu una tokeo moja linalowaponza wengi. Kwa kuwa kete huwekwa kabla ya kuhesabu, aliyeishiwa kete hawezi kuweka chochote, hata kama kigae chake kinafunga mji na kitamrudishia kete mkono huo huo. Kete inarudi, lakini nafasi ya kuiweka imeshapita.

Kete ikisimama barabarani ni mnyang'anyi wa njiani, mjini ni askari wa farasi, monasterini ni mtawa. Ikilazwa kwenye kijani ni mkulima. Barabara iliyofungwa pande zote mbili ni pointi 1 kwa kila kigae. Barabara hufungwa na mji, na monasteri, au na njia panda. Ukifika njia panda hesabu inakoma hapo, kama vile anayefika rond-point ya Chukudu hapa Goma: kuanzia hapo ni barabara nyingine. Mji uliozungukwa na ukuta bila pengo ni pointi 2 kwa kila kigae, na 2 nyingine kwa kila ngao iliyochorwa ndani. Monasteri iliyozungukwa na vigae 8 ni pointi 9. Mchezo ukiisha kabla hivi havijakamilika, kila kigae cha barabara, cha mji au kinachozunguka monasteri, pamoja na cha monasteri yenyewe, ni pointi 1, na ngao pia 1.

Sheria moja inatawala vyote: huwezi kuweka kete mahali ambapo tayari pana kete, iwe ya mwenzako au yako mwenyewe. Lakini unaweza kuanza kando, kisha ukaunganisha kwa kigae. Vikishaungana, mwenye kete nyingi anachukua pointi zote na mwenye chache hapati hata moja. Wakilingana, kila mmoja anapata pointi kamili, wala hazigawanywi. Shika hii vizuri, kwa maana kwenye mashamba ndiko inakouma zaidi.

Shamba linalisha nini

Fikiria Goma na mezani kwake. Maziwa, jibini na viazi vinatoka Masisi. Maharage yanatoka Rutshuru. Mashamba hayako mjini, yako nje, na thamani yake ni kwamba kuna mji unaokula. Hivyo ndivyo mkulima wa Carcassonne anavyolipwa. Hapati kitu kwa ukubwa wa shamba. Anapata pointi 3 kwa kila mji uliokamilika ambao shamba lake linaugusa. Shamba la vigae ishirini lisilogusa mji ni sifuri. Kijani cha vigae vinne kinachogusa miji mitatu iliyofungwa ni 9.

Mji usiofungwa hauhesabiwi hata kama umebakiza pengo moja. Na ukubwa wa mji haujalishi: mji wa vigae 2 na mji wa vigae 10 vyote ni pointi 3 kwa mkulima. Shamba likigusa mji huo huo sehemu tatu tofauti, bado ni 3 tu. Wengine huhesabu migusano badala ya miji, na hapo ndipo ile miji mitano ya mwanzo inapozaliwa.

Jambo la pili ambalo mfano wa Goma unalifafanua: mji mmoja unaweza kulipa mashamba kadhaa. Goma kununua maziwa ya Masisi hakumzuii mtu wa Rutshuru kuuza maharage yake. Mji ukiwa na shamba lako kaskazini na shamba la mwenzako kusini, barabara ikiwa katikati yenu, wewe unapata 3 na yeye 3.

Sheria hazikuwa hivi tangu mwanzo, na hili limevunja meza nyingi. Kijitabu cha kwanza kilitoa pointi 4 kwa kila mji, na kila mji ulihesabiwa mara moja tu: waliangalia mashamba yote yanayougusa, wakajumlisha wakulima wa kila rangi, na mwenye wengi akachukua zile 4. Katika sheria hizo za zamani mji wa vigae 2 tu ulimpa askari pointi 2 badala ya 4 za leo. Mtu aliyefundishwa na kaka yake kwa sanduku la zamani na mtu aliyesoma la sasa wanaweza kucheza saa nzima bila kugundua kwamba wanacheza michezo miwili. Ulizeni kabla ya kigae cha kwanza: tatu kwa shamba, au nne kwa mji? Hapa tunashika tatu kwa shamba, ndiyo sheria ya sasa, na kwa maoni yetu ni bora: kila shamba linahesabika peke yake na mtu wa nje anaweza kulikagua.

Mipaka: kidole kisichoruka

Kujua shamba limeishia wapi kuna njia moja ya uhakika. Weka kidole juu ya mkulima na ukitembeze kwenye kijani bila kukiinua. Hakiruhusiwi kuvuka barabara wala ukuta, na kinatoka kigae kimoja kwenda kingine kwa kupita ubavuni tu. Vigae viwili vinavyogusana kwa pembe, kona kwa kona, haviunganishi shamba.

Anza na kigae cha kuanzia, kile chenye mgongo wa rangi tofauti, kwa sababu kina somo zima ndani yake. Juu kuna mji, katikati barabara inatoka kushoto kwenda kulia. Kuna mashamba mawili hapo. La kwanza ni ule ukanda mwembamba kati ya ukuta na barabara, unagusa mji. La pili ni kijani chote cha chini. Kinaonekana kikubwa na kizuri, na ndipo mgeni anapolaza kete yake. Lakini kupitia kigae hiki hakiugusi ule mji hata kidogo, barabara imekikata. Ukanda mwembamba unaodharauliwa ndio wenye pointi.

Palipo na barabara, ubavu wa kigae una nusu mbili, kushoto na kulia kwa barabara, na kila nusu inaendelea kwenye kigae cha jirani kama shamba lake. Barabara ya kona inafuata mantiki hiyo hiyo: ndani ya kona kuna kipande kidogo, nje kuna kikubwa. Kama kigae kina mji upande wa juu na barabara inayokunja kutoka kulia kwenda chini, kipande cha ndani ya kona hakigusi mji, cha nje kinagusa.

Njia panda ya matawi matatu inaacha mashamba matatu, ya matawi manne inaacha manne. Barabara inayoingia mjini inaacha mashamba mawili, moja kila upande wa lango.

Halafu kuna monasteri yenye barabara, na hapa hata wazoefu hukosea. Barabara inakuja mpaka mlangoni, inakoma. Haifiki upande wa pili. Kwa hiyo kidole kinaizunguka monasteri nyuma na kutokea ng'ambo ya barabara: kijani chote cha kigae hicho ni shamba moja. Vigae vya aina hii ni 2 tu, na kimoja kikiwekwa mwishoni mwa barabara ndefu kinaweza kuunganisha mashamba mawili ambayo kwa nusu saa kila mtu aliyaona yametengana. Ukikichota, usikimbilie kumweka mtawa. Tazama kwanza nani amelala kushoto na nani kulia.

Miji nayo hukata. Mji unaopita kigae kizima kutoka upande mmoja hadi wa pili, kama ukanda, unaacha mashamba mawili yaliyotengana. Lakini kuna kigae kinachofanana nacho kwa haraka: miji miwili midogo kwenye pande zinazotazamana, kijani katikati. Hicho ni shamba moja, tena linagusa miji yote miwili. Vya aina ya kwanza ni 3, na vya pili ni 3. Umeme ukikatika na mnacheza kwa tochi ya simu, kisogeze kigae karibu na macho kabla ya kusema.

Kuhesabu mwishoni

Tatizo la kuhesabu si hesabu, ni vurugu ya meza. Malizeni kwanza barabara, miji na monasteri zisizokamilika, na mwondoe kete zake zote. Zikibaki zilizolala tu, nusu ya ubishi imekwisha.

Chukueni shamba moja. Mmoja atembeze kidole, mwingine aweke punje moja ya maharage juu ya kila mji uliofungwa ambao kidole kinaugusa. Mji wenye punje tayari hauongezewi. Hesabuni wakulima wa kila rangi katika shamba hilo, zidisheni punje kwa 3, mpeni mwenye wengi, halafu ondoeni punje na wakulima hao. Kisha shamba linalofuata. Kwa watu wanne kazi hii haichukui dakika tano.

Chukua mfano. Shamba linagusa miji 5, mmoja una pengo. Nyekundu ana wakulima 2 humo, buluu ana 1. Punje ni 4, pointi ni 12, na zote ni za nyekundu; buluu hapati kitu. Sasa turudi nyuma zamu moja. Pembeni kuna kijani kidogo chenye mkulima wa pili wa buluu, kikitengwa na shamba kubwa kwa nafasi moja tupu. Buluu akichota kigae chenye kijani kisichokatwa kutoka upande mmoja wa nafasi hiyo hadi wa pili, mashamba yanaungana, wakulima ni 2 kwa 2, na wote wawili wanapata 12. Pengo la pointi 12 kati yao limefutwa na kigae kisichokuwa na mji wala barabara.

Nyekundu angefanya nini? Angeijaza ile nafasi mwenyewe kwa barabara nyoofu iliyosimama wima, maadamu majirani wa juu na chini wanaruhusu. Kijani kinabaki kushoto, kijani kinabaki kulia, barabara katikati. Barabara ndiyo ua wa shamba. Anayelalamika kwamba amechota barabara tena, wakati ana mkulima wa kulinda, hajaiona kazi yake.

Ulaze lini

Mkulima ndiye pekee asiyerudi. Askari anafunga mji, anapokelewa mkononi, anatumwa tena. Mkulima akilala amelala mpaka vigae vyote vimekwisha. Kwa hiyo bei yake si kete moja tu, ni kila kazi ambayo kete hiyo ingefanya kuanzia hapo.

Kigae cha kuanzia kikishawekwa, vinabaki 71 vya kuchota. Watu wawili wanapata zamu 36 na 35. Watatu wanapata 24, 24 na 23. Wanne wanapata 18, wa mwisho 17. Watano ni 15 kwa wa kwanza na 14 kwa wengine. Ukilaza mkulima zamu ya tatu mkiwa wawili, umejifunga kwa kete 6 kwa zamu zaidi ya thelathini. Mkiwa watano ni zamu kumi na moja au kumi na mbili tu, na huenda usizitumie kete zote. Hivyo mkiwa wengi, laza mapema bila hofu. Mkiwa wawili, subiri.

Kusubiri kuna hatari yake: shamba zuri likishapata mkulima mmoja limefungwa kwa wengine, na kuingia ni kwa kuunganisha tu. Kipimo kizuri ni hiki: shamba likiwa tayari linagusa miji miwili iliyofungwa na wa tatu umebakiza kigae kimoja, pointi 9 ziko karibu kuliko monasteri yoyote utakayoichota. Laza. Wakulima wawili kwa mchezo ni kawaida. Wanne ni wengi mno: unabakiwa na kete tatu, mbili zinakwama kwenye miji isiyofungwa, na nusu ya pili ya mchezo unaweka vigae kwa ajili ya wengine.

Akishalala, mfanyie kazi. Mji wa vigae 2 unadharauliwa kwa kuwa ni pointi 4 tu. Ukiufunga pembeni mwa shamba lako ni 4 leo na 3 mwishoni, jumla 7, na askari wako anarudi mara moja. Mingine mitatu ya namna hiyo na shamba lako limeshakuwa 12. Upande wa pili, mji mkubwa wa mwenzako unaogusa shamba lake usiusaidie kufunga kwa bahati mbaya. Unamlipa mara mbili.

Mapengo yasiyojazika

Ili kuzuia mji usifungwe ni lazima ujue kilichomo katika zile 72. Hii ndiyo elimu inayotenganisha wachezaji, na haihitaji kipaji, inahitaji kukariri mara moja.

Barabara tupu: nyoofu 8, kona 9, njia panda ya matawi matatu 4, ya manne 1. Monasteri bila barabara 4, yenye barabara 2. Mji upande mmoja bila barabara 5. Mji upande mmoja na barabara nyoofu 4, kimoja kikiwa kile cha kuanzia. Na kona ya kushoto 3, na kona ya kulia 3, na njia panda 3. Mji pande mbili: zinazotazamana zikiwa zimeungana 3, zinazotazamana zikiwa miji miwili 3, zinazopakana zikiwa miji miwili 2, zinazopakana zimeungana bila barabara 5, zimeungana na barabara ya kona 5. Mji pande tatu bila barabara 4, na barabara 3. Mji pande zote nne ni 1, nao una ngao. Ngao zote ni 10.

Sasa soma orodha hiyo kwa kutafuta kisichokuwamo. Hakuna kigae chenye mji upande mmoja, barabara upande mmoja tu, na kijani pande mbili. Palipo na mji upande mmoja na barabara, barabara hutoka pande mbili au tatu. Kwa hiyo ukilifanya pengo la mwenzako lidai mji juu, barabara kulia, kijani chini na kushoto, mji huo hautafungwa milele, askari wake hatarudi, na mkulima anayeutegemea hatalipwa. Hakuna pia mji pande mbili zinazopakana, barabara upande wa tatu na kijani wa nne. Wala hakuna mji pande mbili zinazotazamana na barabara pande mbili zilizobaki.

Mengine hayazuii kabisa ila yanabana. Pengo linalodai mji pande nne linangoja kigae 1, na likidai barabara pande nne ni hivyo hivyo. Pengo la mji pande tatu na kijani lina 4, kwa barabara lina 3. Linalozungukwa na kijani pande nne linajazwa na monasteri 4 tu, na hapa mkulima anabanwa bila kutarajia: anangoja kigae cha kuunganisha, kumbe kinachoingia hapo ni monasteri peke yake.

Kabla ya kulikatia tamaa pengo, hesabu vilivyokwisha kutoka. Njia panda ya manne ikishaonekana mezani, usiingoje tena.

Ukijitengenezea vigae

Sanduku halipatikani kila mahali, na kwa kujifunza mashamba seti ya kuchora nyumbani inatosha. Karatasi ya A4 inabeba vigae vya sentimita 4.5 safu 6 za vinne, yaani 24. Karatasi 3 zinatoa 72 kamili bila kubaki. Chora kwa mkono ukifuata orodha ya juu, barabara nyeupe yenye upana wa milimita 4 angalau, isipotee gizani. Gundisha kwenye katoni ngumu kabla ya kukata, si baada, ili pembe zilingane. Tumia gundi ya mbao. Uji wa unga hufura kwenye unyevu wa msimu wa mvua na kigae kinajikunja. Kilichojikunja huchaguliwa na vidole kabla hakijatoka mfukoni, hata kwa mtu mwaminifu. Laza vyote usiku mmoja chini ya vitabu vizito, kisha sugua pembe kwa msasa. Chotea kwenye mfuko wa kitenge usioangaza ndani.

Kwa kete, vizibo vya soda ndivyo vya kwanza kujia akilini na ndivyo vibaya zaidi. Upana wake unakaribia sentimita 3: kikikaa juu ya kigae kinafunika barabara, mji na kijani kwa pamoja, na hakuna ajuaye kimesimama wapi. Vifungo vya shati vinafaa. Fundi cherehani yeyote anavyo vya sentimita 1, rangi tano, vinane kwa kila rangi. Tia alama ya kalamu isiyofutika upande mmoja. Upande usio na alama ukitazama juu, kete imesimama. Wenye alama ukitazama juu, ni mkulima, na hakiguswi mpaka punje za maharage zitoke.